Maji ya watoto si ya radiateri

KAMINA – Mvua zinapokwisha na njia zinapoanza kupitika, picha ni ile ile kwenye barabara zinazoingia Kamina. Kamio ya zamani, au Land Cruiser iliyokwisha kubeba mizigo ya vizazi viwili, imesimama pembeni. Kapo imefunguliwa, mvuke unapanda, boyi shoferi amefunga kitambaa mkononi na anangoja bushoni ipoe. Abiria wameshuka na kutafuta kivuli. Juu ya mizigo kuna magodoro, sufuria, kuku wawili waliofungwa miguu, na watoto ambao hawajui safari itaisha lini.

Kisha shoferi anageuka na kuangalia nani ana bidoni.

– Mama, lete ile bidoni kidogo.

– Papa shoferi, haya ni maji ya watoto.

– Bila maji gari haiendi, mama. Wote tutalala hapa.

Mama anatoa. Angefanya nini? Lita tano zinamiminwa ndani ya radiateri, mashini inawaka, watu wanapanda. Baada ya kilima kimoja au viwili mvuke unarudi, na safari hii bidoni ni tupu.

Watu wengi wa Kamina wamezoea kuita jambo hili bahati mbaya. Shoferi anasema njia ni mbaya, mwenye gari anasema mashini imezeeka, abiria anasema ni mapenzi ya Mungu. Lakini mara nyingi mambo yaliamuliwa zamani, ndani ya garaji, siku mwenye gari alipoambiwa kwamba radiateri yake imekufa na akachagua ya kuweka mahali pake. Alichagua kwa kuangalia bei na rangi. Anayelipa makosa yake ni yule mama mwenye bidoni, ambaye hakuulizwa kitu.

Kamina ni mji wa reli. Njia ya chuma ilifika Bukama mwaka 1918, ikaendelea kupitia Kamina mpaka Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928. Mwaka 1956 tawi la kwenda Kabalo likakamilika, na Kamina ikawa mahali ambapo njia zinagawanyika. Wazee waliofanya kazi kwenye reli wanajua vizuri kwamba mashini isiyo na maji haina safari. Lakini leo treni ya SNCC haipiti kila siku, na mtu mwenye mgonjwa, mwenye magunia ya mahindi au mwenye familia inayokimbia hawezi kungoja filimbi. Anapanda kinachopatikana. Na kinachopatikana kwa kwenda Kaniama, Kabongo, Kabondo-Dianda, Luena, Bukama au Malemba-Nkulu, kwa sehemu kubwa, ni gari la zamani.

Wanaohama makwao ndio wanaoumia kuliko wote. Lualaba inapofurika upande wa Bukama na Malemba-Nkulu, au silaha zinapofukuza watu vijijini, familia haichagui gari. Inapanda na kila ilicho nacho, mzigo unapita kipimo, na mashini inavuta mchangani kwa vitesi vya chini saa nzima. Hakuna upepo wa mbele wa kusaidia. Hapo ndipo radiateri inapojulikana kama ni radiateri au ni pambo.

Sasa, nini kinauzwa? Mwenye gari anayetafuta radiateri ya kubadilisha anakutana na vitu vitatu. Kuna mpya ya aluminyumu yenye vichwa vya plastiki nyeusi, nyepesi, inang'aa, mara nyingi nakala isiyojulikana imetoka wapi. Kuna okazio iliyotolewa kwenye gari jingine, inayoletwa kutoka Lubumbashi au iliyotoka mbali zaidi, kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Na kuna ile yake mwenyewe ya zamani, ya shaba nyekundu na shaba njano, ambayo fundi wa kuchomelea anaweza kuifungua, kuizibua na kuifunga upya.

Wengi wanakimbilia ya kwanza kwa sababu ni mpya. Kwa gari la mjini Lubumbashi, linalokwenda kazini na kurudi kwenye lami, hakuna ubaya. Viwanda vyenyewe vilihamia aluminyumu miaka mingi iliyopita, na haikuwa ujinga: ni nyepesi, ni rahisi kutengeneza kwa wingi, na mirija yake mipana inatoa joto vizuri. Anayesema aluminyumu haipozi gari anadanganya. Shida ya Kamina ni nyingine: siku itakapopasuka, nani ataitengeneza, na kwa kutumia nini?

Radiateri ya shaba imeunganishwa kwa bati laini lenye risasi, ambalo linayeyuka kwenye digri 180 na kitu. Fundi mwenye taa ya moto, asidi kidogo na kipande cha bati anafunga tundu nusu saa, hata chini ya mwembe, hata Kaniama. Mrija mmoja ukioza, anaufunga juu na chini, na gari inaendelea na mirija iliyobaki. Aluminyumu haikubali bati lile. Inataka dawa yake, moto wake na mkono uliofundishwa, maana ukizidisha moto kidogo chuma kinaanguka chini kama maji. Na kichwa cha plastiki hakichomelewi kabisa. Kimebanwa kwa meno ya aluminyumu juu ya mpira. Kikipasuka, watu wanapaka gundi, gundi inashika ikiwa baridi, na joto na msukumo vikirudi inaachia. Inaachia wapi? Si mbele ya garaji. Inaachia katikati ya njia ya Kabongo.

Kwa hiyo kwa gari la zamani linalobeba watu kwenye njia za Haut-Lomami, chaguo la kwanza liwe shaba, hata kama ni kuukuu, maadamu fundi mwenye jina ameifungua na kuisafisha. La pili liwe okazio ya asili ya gari lenyewe iliyo nzima. Nakala mpya ya plastiki iwe ya mwisho, na anayeinunua ajue kwamba amenunua kitu cha kutumia na kutupa. Wenye magari hawatapenda kusikia hivyo, kwa sababu kazi ya fundi wa shaba inaweza kuchukua siku mbili, na siku mbili gari haliingizi franga. Ni kweli. Lakini gari lililolala porini siku tatu haliingizi franga pia, na juu yake kuna watoto.

Namna ya kutambua si ngumu. Sumaku haisaidii, kwa sababu haishiki shaba wala aluminyumu. Mtu ainue tu: shaba ni nzito zaidi kuliko aluminyumu ya ukubwa ule ule. Akikwaruza kidogo kwa ncha ya kisu pembeni, rangi itasema. Tena asidanganywe na rangi nyeusi ya kupakwa. Kuna wanaopaka rangi nzito juu ya okazio mbovu ili kuficha mahali palipovuja. Rangi nzito kati ya mapezi inazuia joto kutoka, na hiyo peke yake ni sababu ya kukataa.

Halafu ahesabu safu za mirija. Kofia ikiwa imetolewa, kwa mwanga kidogo, mirija inaonekana kwa shingo ya juu: safu mbili, tatu, wakati mwingine nne. Kama gari lilitoka kiwandani na safu tatu, mtu akaweka mbili kwa sababu matundu ya bolti yalikubali, amejidanganya mwenyewe. Lakini kuongeza safu bila kufikiri nako si dawa. Safu ya nyuma inapokea hewa iliyokwisha kupashwa moto na za mbele, na feni dhaifu haiwezi kuvuta hewa kupita ukuta mnene. Ukubwa wa uso wa mbele, ule unaokutana na upepo, una maana kuliko unene.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na huenda wengine hawalijui: mapezi yaliyosongamana sana. Kwenye lami yanapoza vizuri. Kwenye vumbi la Juni mpaka Septemba, pamoja na mbegu za majani marefu yanayopigwa na kifua cha gari, yanaziba siku chache. Radiateri yenye mapezi yaliyoachana kidogo inapoza kidogo chini siku ya kwanza, lakini siku ya ishirini bado inapumua. Na kusafisha ni kwa maji ya kawaida kutoka upande wa mashini kwenda mbele, kinyume cha njia ya vumbi. Boyi shoferi anayepiga maji ya nguvu kutoka mbele anasukuma uchafu ndani zaidi na kulaza mapezi.

Bushoni, ile kofia ndogo, ndiyo kitu kinachodharauliwa kuliko vyote. Magari mengi Kamina yanatembea na bushoni ya gari jingine, au yenye mpira uliokufa, au kitambaa kilichofungwa kwa waya. Hapo hesabu ni rahisi. Kamina iko juu, karibu mita 1,100 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji ya wazi yanachemka karibu digri 96, si 100. Mashini nyingi zinafanya kazi kati ya digri 80 na 95. Kwa hiyo gari lisilo na bushoni nzuri linatembea likiwa mlangoni mwa kuchemka kila dakika. Bushoni iliyoandikwa 0.9 inabana msukumo, na maji yale yale hayachemki mpaka yapite digri 115. Kitu kidogo cha kushika mkononi kinaongeza karibu digri 20 za usalama. Mtu ananunua radiateri nzima, anarudishia bushoni ya zamani, kisha analaumu radiateri! Na wale wanaotafuta bushoni kali zaidi, 1.3 badala ya 0.9, wakifikiri kali ni bora, wanapasua maungio ya shaba ya zamani kwa mikono yao.

Tena kuna radiateri ambazo zinauawa bila kosa. Kabla ya kutoa pesa, mwenye gari adai uchunguzi. Mashini ikiwa baridi, kofia ikitolewa na mashini kuwashwa, mapovu yanayopanda bila kukoma yanasema kwamba moshi wa mashini unaingia majini: jwenti ya kilasi imeungua, au kichwa kimepinda. Hapo hata radiateri ya dhahabu haisaidii. Mkanda uliolegea, pompi ya maji inayodondosha, tiyo ya chini inayojibana mashini ikivuta, yote haya yanachemsha gari. Feni yenye mafuta mazito ndani yake, kama ya Land Cruiser, ikizungushwa kwa mkono mashini ikiwa imezimwa na moto, inatakiwa ikatae kidogo. Ikizunguka huru kama gurudumu la baiskeli, imekwisha. Na kile kifuniko kinachozunguka feni, ambacho mafundi wengi wanakitupa kwa sababu kinawasumbua kufikia bolti, kinafanya feni ivute hewa kupitia radiateri yote. Bila hicho, gari linalopanda polepole likiwa na mzigo linavuta hewa ya pembeni tu.

Kuhusu termostati, mazungumzo ni ya kila garaji: "Toa hiyo, papa, Afrika kuna joto." Ni ushauri uliozeeka bila kukua. Katika mashini nyingi za Toyota, termostati ikifunguka inafunga pia njia ya mkato. Ikitolewa, njia ile inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka ndani ya mashini bila kupita kwenye radiateri. Gari linapata moto kwa sababu ya kitu kilichotolewa ili lisipate moto. Njia ya kuipima ni sufuria ya maji jikoni: itiwe ndani, maji yapashwe, ionekane kama inafunguka kabla ya kuchemka. Haihitaji mashini ya kompyuta.

Halafu yai, sabuni na unga vinavyotiwa ndani ili kuziba tundu. Vinaziba, ndiyo. Vinaziba tundu na vinaziba mirija pia. Kama ni usiku na kuna mtoto mgonjwa ndani ya gari, shoferi asilaumiwe. Lakini akifika, afungue na kuosha kesho yake, asisubiri mpaka robo tatu ya radiateri iwe ukuta.

Maji yenyewe yanastahili neno. Maji ya kisima na ya mto yanaacha chokaa na kutu. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora zaidi kuliko yanavyofikiriwa. Bora kuliko yote ni kuchanganya na dawa ya radiateri, ile ya kijani au nyekundu, nusu kwa nusu, kwa sababu inazuia kutu na inapandisha kidogo digri za kuchemka. Wenye kamio wanasema ni ghali na itamwagika. Itamwagika kama radiateri inavuja, hilo ni sawa. Basi kwanza radiateri isivuje.

Hapa familia zinazoishi kwa wenyeji na kwenye maeneo ya muda zisikilize vizuri, kwa maana jambo hili halihusu wenye magari peke yao. Dawa ile ni sumu, na ubaya wake ni kwamba ina utamu. Mtoto au mbuzi anaweza kuinywa na kurudia. Inaharibu figo na inaweza kuua. Bidoni zake tupu ni nzuri, zina kifuniko kinachofunga, zinapatikana bure nyuma ya garaji, na kila bidoni ina kazi katika nyumba iliyopoteza vyote. Zisichotewe maji ya kunywa wala mafuta ya kupikia, hata zikioshwa mara kumi. Maji yaliyomwagwa kutoka radiateri ya zamani vilevile. Mle kuna dawa, kutu na risasi ya bati. Garaji zinazoacha bidoni hizo nje na kumwaga maji hayo mahali watoto wanachezea zinafanya vibaya, na kuzitoboa bidoni kabla ya kuzitupa hakugharimu hata franga moja.

Je, abiria anaweza kufanya nini? Amezoea kunyamaza kwa sababu nafasi ni moja na wanaoitaka ni kumi. Lakini mara nyingi anayekodi gari si mtu mmoja. Ni kamati ya waliohama, ni kanisa, ni shirika linalopeleka magunia, ni ukoo uliochanga. Hao wana sauti. Kabla ya kutoa pesa ya kwanza, wana haki ya kuomba kapo ifunguliwe asubuhi mashini ikiwa baridi. Waangalie maji kama yamejaa na kama yana mafuta juu. Waangalie chini ya gari kama kuna dimbwi. Waulize radiateri ni ya namna gani, nani aliitengeneza, na kama gari lina bidoni zake za maji, angalau lita ishirini, mbali na maji ya abiria. Mwenye gari anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kujibu.

Sharti hilo la maji ya gari linastahili kuwekwa wazi hata na vyama vya mashoferi, kama vile mtu anavyoulizwa gurudumu la akiba. Gari linalobeba watu libebe maji yake. Likiishiwa, shoferi na boyi wake ndio watembee mpaka kijijini, si mama mwenye mtoto mgongoni. Na kofia isifunguliwe moto hata kama abiria wanapiga kelele. Maji yaliyobanwa kwa digri zaidi ya mia yanaruka usoni mara moja, na boyi shoferi ndiye anayeinamia shingo ya radiateri. Nusu saa ya kungoja, kisha kitambaa kinene, kisha robo ya mzunguko ili pumzi itoke kwanza.

Imebaki habari ya radiateri iliyotolewa. Wanunuzi wa shaba kuukuu wanapita kwenye garaji kila juma na mizani yao, na mwenye gari aliyetoka kununua mpya anafurahi kupata kidogo cha kurudisha mfukoni. Ile aliyoiuza kwa kilo ilikuwa na vichwa vizima vya shaba njano, masikio yanayoingia kwenye gari lake bila kulazimishwa, na kifua ambacho kingezibuliwa au kubadilishwa. Miezi sita baadaye plastiki inapasuka, anarudi kuitafuta, na haipo tena. Mafundi wanaojua kazi wanawaambia wateja waitundike ukutani nyumbani, imekaushwa, matundu yamefungwa kwa kitambaa nyigu wasijenge ndani, mpaka siku watakapoihitaji.